Uvimbe Usio na Moto

Mwaitu,

Nakuita hivyo, yaani mama, kama nilivyokuita tangu uzaliwe, kwa sababu umebeba jina la mama yangu, Mbinya, na kwetu Ukambani mtoto wa namna hiyo ni mama wa baba yake. Leo naliandika neno hilo kwa aibu. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Ni saa tisa alasiri. Uko kanisani, wanakuombea safari ya kesho ya kwenda chuo kusomea kazi ya maabara, na mimi nimekwambia nimebaki kwa sababu kuna ng'ombe wa mtu upande wa juu wa Kasikeu anayekaribia kuzaa. Ni uongo. Hakuna ng'ombe. Daktari wa mifugo ana bahati hiyo moja, hakosi ng'ombe wa kusingizia.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala chakula, wala marafiki wabaya. Hayo shangazi yako ameyasema mpaka amekauka koo. Nataka kukuandikia juu ya fomu.

Jumanne uliketi hapa hapa mezani na fomu ya afya ya chuo. Ukaniuliza mimi baba yako bila kuinua macho, "Nau, hapa wanataka kujua kama kuna mtu wa familia ashawahi kuwa na sukari, presha ama saratani."

Nikamtaja mama yangu, "Susu ako na presha. Andika presha."

"Na saratani?"

"Andika hapana."

Ukaandika hapana. Ukanisukumia karatasi nami nikaweka sahihi yangu chini yake, vizuri kabisa, kama mtu anayetia sahihi cheti cha chanjo. Labda umeshashuku, wewe si mjinga. Lakini mimi sijawahi kukwambia kwa mdomo wangu, kwa hiyo nakwambia sasa. Mama yako alikufa kwa saratani ya titi. Fomu hiyo si ya kweli, na aliyeifanya iwe ya uongo ni mimi. Ukifika chuoni, kabla hujafungua hata sanduku, nenda kliniki yao useme ukweli. Waambie alikuwa na miaka ishirini na sita. Umri huo watauliza, kwa sababu mtoto wa mama aliyeugua mapema hivyo anatakiwa kuangaliwa mapema pia. Daktari aliniambia hivyo wazi wazi na nikaitikia kwa kichwa. Nimekaa na maneno hayo miaka kumi na saba.

Jioni hiyo hiyo ulifungua kitabu chako cha biolojia, kile unachokisoma kabla hujafundishwa, na ukaniambia, "Nau, ebu ona. Bakteria moja inagawanyika kwa dakika ishirini, na seli ya mtu inachukua kama siku nzima. Si ni maajabu vile kitu kidogo hivyo kinatushinda mbio?" Nikacheka nikakwambia asiye na mizigo huhama haraka. Ukacheka nawe, ukaziba mdomo kwa mkono kama kawaida yako. Nilienda kulala nikiwa mgonjwa.

Ngoja nikujibu sawasawa, maana hilo ndilo swali lililomuua mama yako, na jibu nilikuwa nalo.

Tulipokuwa chuo cha mifugo swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Tulinganishe jinsi bakteria wanavyogawanyika na jinsi seli za mnyama zinavyogawanyika. Nilichora vizuri hata mwalimu akapitisha karatasi yangu darasani. Bakteria, nikaandika, ana uzi mmoja tu wa urithi, umejifunga mviringo, na hana hata kiini cha kuufungia. Anaunakili, anajinyoosha, anajenga ukuta katikati, na hapo wamekuwa wawili. Mradi kuna joto na chakula, hao wawili wanaanza tena. Maziwa ya vuguvugu ndani ya kiwele ni harusi kwake. Jioni ameingia kupitia mchubuko kwenye chuchu, asubuhi kiwele kimevimba, kina moto, na ng'ombe anarusha teke ukimkaribia. Ndiyo maana penisilini inamweza. Inaharibu ule ukuta anaoujenga, naye anapasuka.

Seli yetu haiendi hivyo. Ina nyuzi arobaini na sita, zimefungiwa ndani ya kiini, na haigawanyiki mpaka iambiwe. Ikiambiwa, inanakili kila uzi, inakagua, palipokatika inaunga. Halafu inazipanga zote katikati na kusubiri. Uzi mmoja ukichelewa kushikwa pande zote mbili, zote arobaini na tano zinausubiri. Ndipo zinavutwa, nusu huku nusu kule, na seli inajibana kiunoni na kuachana. Haijengi ukuta wowote. Na ikiharibika kiasi cha kutotengenezeka, inaamriwa kufa, na inakufa. Saratani ni seli iliyoacha kusikia. Inagawanyika kwa njia ile ile ya watu, polepole, ila haingoji kuambiwa na haikubali kufa. Penisilini ukiimwaga juu yake mwaka mzima haina cha kushika, kwa sababu ile ni nyama yako mwenyewe.

Nilipata alama nzuri. Ningefeli siku ile labda ningekuwa mtu mwenye woga kidogo, na woga ungetufaa.

Ulikuwa na miezi saba na meno mawili ya chini. Wiki hiyo nilikuwa nimemtibu ng'ombe wa mzee mmoja wa kanisa, kiwele kimevimba kama mtungi, na siku ya tatu alikamuliwa maziwa meupe safi. Mzee alinisifu mbele ya watu Jumapili. Nilitembea barabarani nikiwa mrefu kuliko nilivyo. Jumatatu mama yako alikuwa anakunyonyesha, akaniita.

"Baba Mbinya, hebu shika hapa. Kuko kitu."

Nikashika. Kilikuwa kigumu, kama punje ya mbaazi iliyokauka.

"Ni mtoto amekuuma," nikamwambia. "Ona meno yake. Bakteria imepitia hapo. Ndama wanafanyaga hivyo kila siku."

"Lakini hakuna uchungu."

"Si ndio vizuri?"

"Na hakuna moto."

"Kalekye, nani ni daktari hapa?"

Akacheka. Nikatoa penisilini kwenye mkoba wangu wa kazi. Nikamkadiria uzito kwa macho kama ninavyokadiria mnyama, akaniuliza, "Sasa mimi ni ndama?" Nikamdunga. Siku tatu nilimdunga, na siku ya nne nikamshika tena nikauliza kama anaumwa. Alisema haumwi. Nikasema basi imepona. Alikuwa haumwi hata siku ya kwanza, Mbinya. Alinipa dalili mbili kwa mdomo wake, hakuna uchungu na hakuna moto. Kuvimba kwa bakteria huja na moto, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Mimi dalili kwamba si ugonjwa ninaoujua nikaifanya dalili ya kupona.

Punje ilibaki. Hapo ndipo nilifanya kosa ambalo mtu asiyejua chochote hangeweza kulifanya. Kuna kitu sisi wa mifugo tunakijua. Kiwele kikishapona, mara nyingi kinabaki na sehemu ngumu ndani, kovu tu, na ng'ombe anaishi nalo na kuzaa na kukamuliwa. Nikamwambia mama yako ni kovu. Lilipokuwa kama ndimu, bado nilisema ni kovu. Jirani asiye na cheti angemwambia, nenda hospitali. Mimi nilikuwa na elimu ya kutosha kumtuliza.

Aliniomba twende, usifikiri alinyamaza. Aliniomba mara mbili. Mara ya kwanza nikamwambia tutapanga foleni tuambiwe nilichokwisha kumwambia. Mara ya pili sikutoa hata sababu, nilikasirika tu. Niliona nikiingia pale nimemshika mkono, na watu wa soko wakisema daktari ameshindwa na bibi yake mwenyewe. Mganga hajigangi, na mimi nilitaka kuwa wa kwanza kujiganga.

Miezi kumi na moja. Wakati wa kuvuna ndengu alienda kwao Matinyani kumsaidia mama yake, na dada yake akamwona akioga. Ngozi ya titi ilikuwa imeingia ndani, imekunjamana. Hakumwuliza wala hakunipigia. Alimvalisha akampeleka hospitali ya Kitui siku hiyo hiyo, na mimi nikaitwa kesho yake.

Daktari alikuwa kijana kuliko mimi. Akaniuliza imekuwa muda gani, nikamwambia. Akauliza kama kulikuwa na homa, au titi kuwa na moto, nikasema hapana. Akauliza, "Na mlikuwa mnatibu nini?" Nikamwambia nilidhani ni kiwele. Neno hilo hilo lilinitoka, kiwele, mbele ya mama yako. Daktari hakunigombeza. Alichukua karatasi akaanza kunichorea seli, kwa sababu hakujua nimesoma. Alichora nyuzi zimepangwa katikati zikivutwa huku na huku, akaniambia dawa watakayompa itazuia uvutaji huo, na kwa kuwa haichagui, itazuia hata seli nzuri zinazogawanyika kila siku, za nywele, za mdomo, za tumbo. Nilikaa nikatazama mchoro wangu wa mtihani ukichorwa na mtu mwingine. Sikumwambia naujua.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Nywele zilitoka, mdomo ukawa vidonda, akawa anakunywa uji kwa mrija. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mapafu. Siku moja nilimwambia, Kalekye, nilikukosea, na akaniambia, "Najua. Usiniambie saa hii, sina nguvu ya kukujibu." Hakupata nguvu hiyo. Alipokufa ulikuwa na miaka miwili na miezi minne.

Sasa nafika kwenye kosa kubwa kuliko hilo. La kwanza nililifanya kwa ujuaji, na ujuaji ni ugonjwa wa wengi. Hili lingine nililifanya macho wazi.

Katika matanga watu waliuliza alikufa na nini. Susu yako alijibu alichosikia kutoka kwangu tangu mwanzo. Mtoto alimuuma titi, ugonjwa ukaingia. Alisema kwa huruma tu, bila ubaya. Wakalisema wengine baada yake, likawa ndilo lililotokea. Watu wa kwao waliojua ukweli walikuwa hawajafika, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale na sufuria ya chai mkononi. Ningesema, hapana, ilikuwa saratani, na mimi ndiye niliyemchelewesha. Sentensi moja. Nikaendelea kumimina chai.

Ukiwa na miaka tisa ulikuja nikiwa nafua koti langu la kazi. Ukaniuliza, "Nau, ni ukweli nilimuuma mwaitu akakufa?" Unakumbuka nilichosema? Mimi nakumbuka. Nilisema, "Ulikuwa mtoto. Hukujua." Nikajiona nimekufariji. Ulisimama hapo kidogo, halafu ukaenda, na hukuniuliza tena. Tangu hapo unacheka umeziba mdomo. Wageni husema una adabu. Shangazi yako anadhani ni kwa sababu meno yako yamegeuzwa rangi ya kahawia na maji ya kisima chetu. Krismasi binamu yako alipokuletea mtoto wake umpakate ulirudi nyuma ukasema una mafua. Hukuwa na mafua. Nilikuona, nikageuka nikatafuta mtu wa kuzungumza naye juu ya mvua.

Nilijua, Mbinya. Miaka kumi nimekuona ukiubeba mzigo wangu, na nikakuacha uubebe kwa sababu wewe ulikuwa unaweza kuubeba kimya na mimi nilikuwa nahitaji watu waendelee kuniita daktari.

Jumanne nilipotia ile sahihi ndipo niliposhtuka. Kumbe uongo wangu nao umekuwa ukijigawa, wa kwanza ukazaa wa pili, na huu wa tatu ungeweza kukuua wewe. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio kilikuja na bado nikaficha.

Sina mengi ya kukufundisha kutokana na haya, na sitaki ugeuke mtu wa kuogopa kila kipele. Naweza kukwambia tu mimi nimekuwaje. Siku hizi mkulima akinipigia simu namwambia sijui bado, nangoja nione. Nagusa kama kuna moto. Narudi kesho. Vijana wa agroveti, duka la dawa za mifugo, wananicheka, wananiita Daktari Tungoje, na wakulima wengine wameanza kumwita mwenzangu anayedunga kila kitu na kuondoka. Sawa tu. Kama kuna jambo moja nililoona kwenye seli zetu na likanifaa, ni vile zinasimama katikati ya kazi na kumngoja wa mwisho. Nimelijifunza baada ya mtu kufa, kwa hiyo usinisifu. Wewe utakaa na darubini, na mbele yako kitaletwa kipande cha nyama cha mama wa mtu. Siku utakayokuwa na uhakika sana, mwite mwenzako aangalie pia. Hilo tu.

Leo asubuhi nilienda kwa Susu nikamwambia yote. Alikuwa anapepeta mbaazi. Hakuacha kupepeta mpaka nilipotaja saratani.

"Kwa hivyo haikuwa meno?"

"Haikuwa, mwaitu."

"Na wewe ulijua lini?"

"Tangu Kitui. Tangu yule daktari."

Akaweka ungo chini. "Mimi nilimwambia huyo mtoto na mdomo yangu. Alikuwa amekaa hapo, anakula. Nilimwambia pole pole ndio asisikie vibaya." Akajipangusa mikono. "Ulikuwa unaogopa nani? Mimi?"

"Nyinyi wote."

"Basi leo siendi kanisa. Nitaenda aje kuombea mtu nimemfanyia hivyo?"

Ndiyo maana hukumwona kwenye viti vya mbele. Nilimwonyesha bahasha, nikamwambia nimeamua kuiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya shuka, ili uikute ukishafika. Akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia nikiwa mdogo nimeficha sahani niliyovunja. Akasema, "Ndio akusome akiwa mbali, na wewe ukiwa umekaa hapa unakunywa chai? Mpatie kwa mkono. Leo."

Amesema kweli. Kwa hiyo barua hii nitakupa mwenyewe mkiingia, na nitakaa kwenye kiti cha pili mpaka uimalize. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kwenda kulala kwa Susu, nitakusindikiza mpaka mlangoni, naye anakungoja, ana lake la kukuomba. Kesho nitabeba sanduku mpaka barabarani hata kama hutaniambia neno. Sikuombi unisamehe kabla ya safari. Mama yako hakuwa na nguvu ya kunijibu, na wewe pia unaweza usiwe nayo, leo au mwaka huu.

Nasikia nyimbo zenu zinateremka njia ya mtoni, basi nimalizie kitu kimoja ambacho sijawahi kumwambia mtu. Muda wote ule mama yako aliendelea kukunyonyesha upande mwingine, mzima. Alipoambiwa ni saratani hakulia. Nywele zilipotoka hakulia, alizikusanya akazifunga kwenye kitambaa. Siku niliyomwona akilia ni moja, kule hospitali, kabla ya dawa ya kwanza. Daktari alimwambia dawa itapita kwenye maziwa, kwa hiyo kuanzia leo asikunyonyeshe. Alikushika hivyo hivyo, ukiwa kifuani pake na meno yako yote, akalia mpaka nesi akatoka nje. Aliomba apewe dakika tano zaidi na wewe, na walimpa.

Baba yako,
Mutisya